Sevisi ya gari: kwa wakala wa kampuni au gereji binafsi?

Jibu fupi kwanza. Gari lililo ndani ya waranti, lililoitwa na kiwanda lirekebishwe kasoro, au linalosumbua upande wa kompyuta na programu, lipeleke kwa wakala. Gari ambalo waranti imekwisha na linahitaji oili, breki, mikanda, bushi au shokomzoba, lipeleke gereji binafsi iliyobobea kwenye aina hiyo ya gari. Kuna kazi ambazo wakala anaziweza kuliko yeyote na nyingine ambazo hata hataki kuzigusa, na kuna gereji za mtaani zenye fundi anayemzidi fundi wa wakala, kama zilivyopo zisizofaa hata kubadilishia taa. Bango la mlangoni halikwambii lolote kati ya hayo. Kinachokwambia ni namna kazi inavyofanywa, na hiyo unaweza kuiangalia mwenyewe ukijua pa kutazama.

Chukua kazi ndogo kuliko zote, kumwaga oili. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa magari mengi ya sasa ni ya aluminiamu, na nati ya kumwagia hukazwa kwa torki (nguvu ya kukazia) ndogo tu, mara nyingi kati ya Nm 30 na 40. Fundi mwenye haraka huifunga kwa mashine ya upepo. Siku hiyo hakuna kitakachoonekana. Sevisi ya pili au ya tatu meno ya sampu yanakuwa yameliwa, nati inazunguka haishiki, na mwenye gari anaambiwa anunue sampu mpya. Fundi mzuri huianza nati kwa vidole, anamalizia kwa spana ya torki, na anaweka washa mpya (kile kipete cha chini ya nati) kila mara, kwa sababu ile washa hubonyea mara moja ndiyo izibe. Ikirudishwa ya zamani, tone moja moja huanza kudondoka baada ya siku chache.

Kwenye filta kuna kosa jingine baya zaidi. Filta ya kopo ikifunguliwa, mpira wake wakati mwingine hung'ang'ania kwenye injini. Asiyepangusa pale na kuangalia atafunga filta mpya yenye mpira wake juu ya mpira wa zamani. Injini ikiwashwa, presha inaisukuma ile mipira miwili na oili yote inaweza kumwagika chini kwa dakika chache. Mpira mpya hupakwa oili kidogo, filta inazungushwa kwa mkono hadi mpira uguse, kisha inaongezwa robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyochapwa kwenye kopo lenyewe. Makosa yote haya hutokea kwa wakala vilevile. Magari ya sevisi ya kawaida kwa wakala mara nyingi hupewa mafundi wachanga, wanaofanya kazi kwa muda uliopangwa, huku wale wenye uzoefu wakibakizwa kwenye matatizo magumu. Wewe unaongea na mpokea magari mwenye tai, na aliyeshika spana humwoni. Gereji binafsi nzuri inamshinda wakala hapo: unayeongea naye ndiye atakayelala chini ya gari.

Oili yenyewe ina mambo mawili kwenye kitabu cha gari, na wengi husoma moja. Kuna uzito, kama 0W-20 au 5W-30, na kuna kibali, yaani kiwango ambacho oili imethibitishwa kukifikia, kama ACEA C3, VW 504 00/507 00 au MB 229.51. Makopo mawili yote yanaweza kuandikwa 5W-30 na moja likawa sumu kwa gari lako. Injini ya dizeli yenye chujio la masizi kwenye ekzosi inahitaji oili yenye majivu kidogo. Masizi huungua chujio likijisafisha, majivu hayaungui. Yanabaki mle mle hadi chujio linaziba, na chujio hilo ni miongoni mwa spea ghali kabisa kwenye gari. Halafu kuna injini ambazo mkanda wa taimingi unazunguka ndani ya oili, kama Ford EcoBoost ya lita 1.0 katika matoleo yenye mkanda, na PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën. Huko oili isiyo sahihi, au sahihi iliyocheleweshwa kubadilishwa, hulainisha mpira wa mkanda. Chembe zake zinaanguka kwenye sampu, zinaziba chujio dogo la pampu ya oili, na taa ya presha ya oili inawaka. Kwa injini za namna hii hatushauri gereji yoyote ambayo haikuuliza namba ya chesisi kabla ya kuchagua oili.

Kwa wakala hatari ya kupewa oili isiyofaa ni ndogo, ila nayo ipo, maana oili hutoka kwenye pipa kubwa lililochaguliwa kwa ajili ya magari mapya na gari lako linaweza kuwa la miaka 12 iliyopita. Gereji binafsi, taka kopo lililofungwa lifunguliwe mbele yako. Pipa lisilo na lebo ni sababu tosha ya kuondoka. Angalia pia kiasi. Injini inayobeba lita 4.2 ukiuziwa lita 5, lita 0.8 iliyobaki ni yako, uondoke nayo. Isimiminwe yote ndani “isije ikapungua”. Oili ikizidi mno, krenki (shafti inayozunguka chini ya injini) inaipiga, inatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Tuje kwenye waranti, kwa sababu ndiyo fimbo ambayo mawakala huitumia sana. Kauli kwamba ukifanya sevisi nje waranti inakufa si kweli kila mahali. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni namba 461/2010 na miongozo yake haimruhusu mtengenezaji kuifunga waranti kwa sharti kwamba sevisi zote zifanywe kwa mawakala wake tu. Marekani ina sheria ya Magnuson-Moss tangu 1975, inayokataza waranti kufungwa kwa sharti la kutumia spea au huduma ya kampuni fulani, isipokuwa vitolewe bure. Afrika Kusini ilianza kutumia miongozo yake ya aina hiyo tarehe 1 Julai 2021. Mahali pasipo sheria ya aina hiyo, kijitabu cha waranti ndicho mwamuzi, kisome kabla hujampa mtu funguo. Lakini hata sheria inapokulinda, mzigo wa karatasi ni wako: sevisi ifanywe kwa wakati, kwa oili na spea zenye viwango vya mtengenezaji, na ankara iwepo. Injini ikifa na ankara inasema “sevisi kamili” basi, huna cha kujitetea nacho.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa gari jipya hauna mzunguko: lifanyie sevisi kwa wakala hadi waranti iishe. Gharama ya ziada kwa miaka mitatu au mitano ni ndogo ukilinganisha na mabishano ya giaboksi moja. Lipo na jambo lisiloandikwa kwenye mkataba. Kasoro kubwa ikijitokeza miezi michache baada ya waranti kuisha, mtengenezaji wakati mwingine hukubali kubeba sehemu ya gharama kwa hisani, na jambo la kwanza analoangalia ni kama gari lilikuwa likihudumiwa kwa mawakala wake. Gari likifika miaka saba au minane, hisani hiyo haipo tena, na hoja hiyo inakufa.

Wito wa kiwanda ni kitu tofauti na sevisi, na watu huvichanganya. Kasoro ya usalama ikitangazwa, wakala hurekebisha bila malipo, hata kama hujawahi kukanyaga kwake na hata kama gari umelinunua mkono wa tatu. Mifuko ya hewa ya Takata ndiyo mfano mkubwa kuliko yote. Kemikali ya kuijaza huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko unapofunguka chombo chake kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Gereji binafsi haiwezi kukufanyia kazi hiyo. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani yana namba fupi isiyofika tarakimu na herufi 17, na mfumo wa wakala wa nchi nyingine unaweza usiitambue, kwa hiyo tumia tovuti ya mtengenezaji ya Japani kwenyewe.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, hapo ndipo utakapojua unashughulika na fundi au na muuza spea. Mashine ndogo ya kupimia inasoma kodi ya injini, yaani namba ya hitilafu, kwenye gari lolote lenye OBD-II, mfumo wa gari kujipima ambao Marekani iliulazimisha kuanzia magari ya mwaka 1996. Lakini kodi si jina la spea iliyoharibika. Tuseme imesoma P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Fundi mvivu anabadilisha sensa ya oksijeni, anafuta kodi, taa inazimika, na baada ya siku tatu inarudi. Sensa ile haikuwa na kosa, ilikuwa inatoa taarifa ya kweli. Fundi anayejua atafungua ukurasa wa namba hai (vipimo vya injini inapowaka) na kutazama kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha kwa mzunguko wa 2,500. Nyongeza ikiwa kubwa kwenye sailensa na ikashuka mizunguko inapopanda, kuna mpira au gasketi ya hewa inayovuja, na atapuliza moshi kwenye njia ya hewa aone unakotokea. Nyongeza ikikua kadiri mzigo unavyoongezeka, atashuku sensa inayopima hewa inayoingia, filta ya mafuta au pampu iliyochoka. Saa nzima imeenda na hajauza hata spea moja. Saa hiyo ilipe kwa moyo mweupe, maana ndiyo uliyoijia.

Wakala hapa ana silaha ambayo wengine hawana kirahisi: taarifa za kiufundi za mtengenezaji kuhusu kasoro zinazojulikana kwa modeli hiyo. Giaboksi inayotetema kwenye mwendo mdogo inaweza kuwa na dawa ya programu mpya tu, kazi ya chini ya saa mbili, wakati gereji isiyo na taarifa hiyo inashusha giaboksi zima. Gereji binafsi makini hununua kibali cha kuingia kwenye mfumo wa taarifa za mtengenezaji kwa siku au kwa mwezi. Ukiuliza “mnatoa wapi taimingi na torki za injini hii?” na ukajibiwa kwa kuonyeshwa skrini, hapo umefika. Kusajili funguo mpya, kamera ya kioo cha mbele baada ya kioo kubadilishwa, na moduli za mifuko ya hewa, bado ni kazi za wakala kwa magari mengi.

Kwenye giaboksi ya otomatiki hukumu inageuka. Wakala anafuata ratiba ya mtengenezaji, na ratiba nyingi husema oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari. ZF, anayeunda giaboksi za BMW, Land Rover na wengine wengi, anashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Ukimuuliza wakala atakwambia haihitajiki. Gereji iliyobobea itakubadilishia, na tunaona iko sahihi. Ila kazi hii haivumilii ubabaishaji. Giaboksi nyingi za sasa hazina kijiti cha kupimia. Gari linanyanyuliwa likiwa limelala sawasawa, injini ikiwaka, gia zinapitishwa zote, na usawa unapimwa kwa tundu la kufurika oili ikiwa kwenye joto lililotajwa, ambalo kwa ZF ya gia nane ni kati ya nyuzi 30 na 50 za Selsiasi. Ikipimwa ya baridi, ikiwaka moto itazidi. Ikipimwa ya moto sana, itapungua. Fundi asiye na mashine ya kusoma joto hilo hawezi kuifanya kazi hii, hata awe na miaka 30 kwenye spana. Pia oili inayotoka ni sehemu tu ya iliyomo, kwa sababu nyingine inabaki kwenye konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi. Kinachotoka kipimwe kwa lita ili kinachoingia kijulikane.

CVT, giaboksi inayotumia mkanda na puli badala ya gia, ni hatari zaidi. Nissan ina oili yake ya NS-3, Toyota ina CVT FE yake, na kuweka ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya kawaida mle ndani ni kuifanya mkanda wa chuma uteleze kwenye puli. Uharibifu unaanza kwa kelele ndogo wakati wa kuondoka na unaishia kwa giaboksi kubadilishwa. Kopo lioneshwe kabla.

Breki wote wawili huziweza, na kwa kazi hii gereji binafsi ndiyo chaguo letu. Unahitaji namba tu. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi, na ikibaki 3 ibadilishwe. Diski ina unene wa chini kabisa uliochongwa ubavuni, “MIN TH”, na hupimwa kwa mikromita, jicho halitoshi. Wakala hupenda kubadilisha diski na pedi kwa pamoja, gereji dhaifu hupenda kuacha diski iliyokwisha. Waulize wote namba. Gari lenye handibreki ya umeme lazima liwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo kwa mashine. Anayesukuma pistoni ya nyuma kwa klempu bila kufanya hivyo anavunja mota ya kalipa, kile kibanio cha pedi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi kama 155. Kwenye mteremko mrefu inachemka, inatoa mvuke, na pedali inazama hadi chini. Miaka miwili ni muda wa kawaida wa kuyabadilisha. Jambo hili wakala halisahau, mtaani husahauliwa mno.

Haibridi na magari ya umeme, usijaribu gereji isiyoweza kukuonyesha glavu zake za umeme mkubwa. Plagi ya usalama huchomolewa, halafu Toyota inataka dakika 10 zisubiriwe kabasita (vihifadhi umeme) zitoe chaji kabla ya mtu kugusa nyaya za rangi ya machungwa. Hata AC ina mtego wake. Kompresa ya umeme inatumia oili isiyopitisha umeme, na fundi akiingiza oili ya PAG ya magari ya kawaida, hata mabaki tu kutoka kwenye mashine ya kujazia gesi, ukinzani wa umeme ndani ya kompresa unashuka na gari linakataa kuwaka. Kwa upande mwingine, kusafisha filta ya feni ya betri ni kazi ndogo ambayo gereji yoyote ya haibridi ingepaswa kukufanyia bila kuombwa.

Spea ndipo palipo na pesa nyingi za kuokoa. Watengenezaji wa magari hawaundi plagi wala filta wala pedi. Wanazinunua kwa Denso, NGK, Bosch, Mahle, Aisin na wenzao, wanazitia kwenye boksi lenye nembo ya gari. Spea hiyohiyo kwenye boksi la aliyeiunda ni nafuu. Tatizo la mtaani ni feki, na plagi na filta huongoza. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa. Ukija na spea zako mwenyewe gereji itazifunga, lakini ikifeli utalipia ufundi mara ya pili. Ukimwachia gereji azilete, dhamana ya spea na ya kazi inakuwa shingoni mwake, na kwa mkanda wa taimingi tungemwachia, aje na seti nzima: mkanda, tenshena (kikaza mkanda), puli na pampu ya maji kama inaendeshwa na mkanda huohuo. Kuokoa kwenye tenshena ni kuhatarisha valvu zote.

Wakala naye ana ugonjwa wake: vitu visivyo kwenye ratiba. Dawa ya kusafisha injini, dawa ya injekta, dawa ya AC, kila moja mstari wake kwenye ankara. Fungua kitabu mbele ya mpokea magari, tafuta kilomita zako, na sema unataka vilivyoandikwa pale tu. Kingine chochote aeleze kwa kipimo alichokipata, si kwa desturi ya duka. Jua pia kwamba saa unazolipia kwa wakala ni saa za kitabu: kazi ikiwa imepangiwa saa 2.5, utalipa 2.5 hata akimaliza kwa moja na nusu. Gereji nyingi binafsi hufuata utaratibu huo pia, na kwa kazi kubwa ni afadhali kwako kuliko kulipia saa za fundi anayejifunza.

Ankara inayofaa inataja kilomita, namba ya kila spea, jina na kibali cha oili, lita ngapi, na unene wa pedi uliopimwa. Spea za zamani ziombe kabla kazi haijaanza, ukiomba baadaye utaambiwa zimeshatupwa. Nati za magurudumu zikazwe kwa torki ya kitabu, ambayo kwa magari mengi madogo ni Nm 100 hadi 120, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Usiku huo liegeshe gari juu ya kipande cha boksi. Asubuhi, kabla hujaliwasha, vuta kijiti cha oili, kisha chungulia boksi chini ya sampu na chini ya filta. Ukikuta tone, piga picha pamoja na kilomita na ulirudishe siku hiyohiyo.